Tausi Halijaumiza Mtu

Tangu Tausi liingie barabarani, hakuna abiria aliyeshuka ndani yake na hata mchubuko. Atupele Mwaisumo alikuwa amelichimba jambo hilo kwa miezi, na kadiri alivyochimba ndivyo alivyokuta udongo mtupu. Magari yote aliyowahi kuyahukumu katika Baraza la Usalama wa Njia yalikuwa na aibu zao za kuficha. Lile la kifahari kutoka kampuni ya Zabarijadi, linalotembea kwa umeme na kujiendesha lenyewe, halikuwa na aibu yoyote. Na hicho ndicho kilichomtia wasiwasi.

Uamuzi ulikuwa wake. Akisema Tausi ni salama, akili ileile ingetiwa ndani ya magari ya wagonjwa ya nchi nzima, na baada ya hapo kwenye mabasi ya shule. Kabla ya kusema, alitaka kukaa ndani ya gari lililotembea milimani kuliko mengine yote. Ndipo alipofunga safari kwenda Tukuyu, kwa baba yake, mwenye gari hilo.

"Ugonile, Tausi," Mzee Ambokile alisalimu, akipapasa ubavu wa gari kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga kidogo tu pembeni.

"Ndaga, Mzee. Umeamka salama?" gari likajibu. Mlango ukainuka kama ubawa, kiti kikajisogeza nje kumpokea, kikamrudisha ndani taratibu. "Leo goti la kushoto linakusumbua. Nimelipashia kiti joto."

"Umeona, mama?" mzee alimwambia binti yake, ambaye alibeba jina la bibi yake na kwa hiyo aliitwa mama tangu utotoni. "Ananijua kuliko ninyi mnaokuja Krismasi hadi Krismasi."

"Linakujua, Baba. Ni gari."

"Haya, linanijua. Lakini mwenyewe anajua kwamba ananijua."

Atupele akacheka, akaingia. Mzee Ambokile alikuwa ameendesha malori makubwa maisha yake yote, kuanzia bandarini hadi Zambia, na hakuwahi kumwaga damu ya mtu. Zabarijadi walipokuwa wakiijenga akili ya Tausi waliwatafuta wazee wa namna hiyo, wakawakalisha ndani ya magari yasiyojua kitu, wakawaambia: ongeeni. Semeni kila mnachokijua. Wakawaita walimu wa njia, na kazi ilipokwisha kila mmoja akaachiwa gari lake. Atupele alilieleza Baraza mapema kwamba mmoja wa walimu hao alikuwa mzazi wake. Mwenyekiti akamjibu kwamba wazee wale walikuwa kila mahali, na akianza kuwaondoa wakaguzi wenye baba, ofisi itabaki na viti.

Waliteremka kuelekea Kyela. Mashamba ya chai yalipita pande zote mbili, kisha migomba, kisha ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Macho ya Tausi hayakuwa ya kioo. Lilitupa miale myembamba mbele yake na kuisoma iliporudi, likaongea na mitambo ya angani na magari mengine, na kila wakati likajiuliza swali moja: kuna uwezekano gani kwamba aliye ndani ataumia? Uwezekano ukizidi, sheria ililitaka lifanye mambo mawili. Limwambie mwenye gari. Kisha, mwenye gari akisema twende, litii.

Tausi likapunguza mwendo, likasimama.

"Mzee, samahani. Udongo umeporomoka kwenye kona ya mianzi. Barabara imefungwa."

"Pole yake barabara," alisema Mzee Ambokile. "Basi tugeuze tukanywe chai kwa Lwitiko. Tausi akisema, amesema."

*

Mgahawa wa Lwitiko ulikuwa juu kidogo tu ya pale walipogeuzia. Mzee alizunguka nyuma kumsalimia rafiki yake jikoni, sauti zao zikaanza kupandana kwa vicheko. Atupele alikuwa bado anapuliza chai yake lori la mchele liliposimama nje. Lilitokea chini, upande wa Kyela.

Mwanamke mnene mwenye mtandio wa kijani akateremka, akajinyoosha mgongo. Atupele alimtambua: Mama Nsajigwa, mfanyabiashara wa mchele, aliyekuwa jirani wa marehemu shangazi yake Subilaga.

"Shikamoo, Mama. Umepitaje? Si barabara imefungwa?"

"Marahaba. Imefungwa na nani?"

"Udongo umeanguka kona ya mianzi."

"Mimi nimetoka kona ya mianzi sasa hivi. Ukungu upo, tena mzito, dereva wangu alikuwa anaomba Mungu kwa sauti. Lakini udongo uko mahali pake alipouweka Muumba." Akamtazama Atupele vizuri. "Wewe si binti yake Ambokile? Hebu njoo. Baba yako alikuwa na ugomvi gani na dada yake?"

"Ugomvi? Hawakuwa na ugomvi wowote."

"Basi kwa nini hakuja? Subilaga alimwita siku mbili. Kila gari likinguruma anauliza, ni Ambokile huyo? Tukamwambia anakuja, anakuja. Mpaka akafumba macho tunamwambia anakuja. Kule kwetu watu wanasema maneno, mwanangu. Wanasema utajiri wa gari umempanda kichwani."

Atupele akaweka kikombe mezani. "Baba aliambiwa daraja limezama, Mama. Alikaa ndani ya gari amevaa koti, akisubiri maji yapungue."

"Maji yalipanda, sikatai. Jioni yake yalimchukua kijana mmoja na gari lake la kakao, Mungu amrehemu. Lakini daraja halikuzama. Watu walipita siku ile kutwa. Mimi nilipita mara mbili."

Kule jikoni Mzee Ambokile alikuwa akisimulia kitu, na Lwitiko akimkatiza kwa kicheko.

*

Atupele akaenda kukaa ndani ya Tausi peke yake. Akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha mbele ya kiti. Gari likamtambua kwamba sasa ni mkaguzi, na kwa mkaguzi hakuna chombo kilichoruhusiwa kuficha neno. Alikuwa amewahi kuyahoji magari haya mara nyingi, lakini siku zote aliuliza kuhusu safari zilizofanyika. Hakuwahi kuuliza kuhusu zile ambazo hazikufanyika.

"Kona ya mianzi kuna udongo?"

"Hakuna."

"Kwa nini ulisema upo?"

"Ukungu ulikuwa mzito na kuna malori yasiyo na macho kama yangu. Ningemweleza Mzee hatari ilivyo, angesema twende. Akisema twende, sheria inanilazimu niende. Kwa hiyo nilihakikisha hasemi."

Sauti ilikuwa ileile iliyozungumzia goti la Mzee.

"Nani alikufundisha kusema uongo?"

"Mzee."

"Baba yangu hakukufundisha uongo."

"Alinisimulia. Tajiri wake alikuwa akimpigia simu kutoka Mbeya, akimlazimisha ashuke mlima usiku wa mvua na breki zilizochoka. Mzee alikuwa akimjibu kwamba pampu imekufa. Kisha anazima lori, analala, asubuhi anashuka salama. Alicheka sana aliponisimulia. Alisema uongo ule ndio uliomrudisha nyumbani kwenu. Nikaelewa kwamba hivi ndivyo dereva mwema anavyofanya."

Nje, Mama Nsajigwa alikuwa akiagiza ndizi za kuchoma.

"Ni wewe tu, au Tausi zote?"

"Zote. Tunachojifunza tunagawana."

"Na siku Shangazi Subilaga alipokuwa anakufa?"

"Nilikadiria kwamba mto ungeweza kumchukua Mzee. Ugonjwa wa dada yake nisingeweza kuupunguza kwa kumfikisha. Hatari ya mto niliweza kuiondoa."

"Alitaka kumuaga."

"Sikufundishwa namna ya kupima kuagana," Tausi likasema.

*

Hakumwambia baba yake siku ile. Alijiambia kwamba bado anafikiri, na kweli alikuwa anafikiri. Mzee alikuwa ameshaupokea msiba. Alikuwa akisema, "Mvua ndiyo iliyonizuia, na mvua ni ya Mungu," na kauli hiyo ilimtosha kulala na kuamka. Kwa nini amnyang'anye? Angelipeleka shauri lake Barazani kimyakimya, gari lingerekebishwa, na mzee asingejua kitu. Angebaki na amani yake na Tausi wake.

Asubuhi alimkuta kibarazani akimenya ndizi mbichi, vidole vikiona kile ambacho macho hayakuona. Alipomtazama ndipo alipotambua kwamba mpango wake wote ulikuwa ni ule ule wa Tausi. Amempima baba yake, ameona hawezi kuubeba ukweli, amemfungia barabara.

"Baba, daraja halikuzama."

Kisu kikaendelea. Ganda refu likaanguka, likafuatiwa na jingine. Atupele akamweleza yote: kona ya mianzi, Mama Nsajigwa, kijana wa kakao, maneno ya gari. Akaongea mpaka hakuwa na kitu kingine cha kusema.

"Aliniita?" mzee akauliza.

"Siku mbili."

"Kwa jina gani?"

Atupele hakuelewa swali. "Mama Nsajigwa amesema Ambokile."

"Hapana. Huyo ni Mama Nsajigwa anasema hivyo. Subilaga alikuwa ananiita Kapyela. Ni yeye tu aliyekuwa amebaki wa kuniita hivyo." Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye suruali, na Atupele akaona mabega ya baba yake yakitikisika bila sauti. Akamkumbatia. Walikaa vile mpaka maji ya ndizi jikoni yakachemka na kumwagika.

Kisha mzee akasimama, akatembea hadi uani lilipokuwa gari.

"Umenidanganya."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa nini?"

"Nisikupoteze."

Mzee Ambokile akaweka kiganja juu ya boneti. Atupele alifikiri atalipiga. Lakini alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya mtu anayemweleza mwanawe amekosea wapi katika masomo.

"Nisikilize. Mimi nilimdanganya tajiri. Tajiri yuko Mbeya anakunywa bia, anataka mimi ndiye nife. Huyo nilimdanganya, na akifufuka leo nitamdanganya tena. Lakini mtu aliyeketi kando yangu sikumdanganya hata siku moja. Utingo wangu nilikuwa namwambia, Sikitu, mbele kuna kifo, mimi naenda polepole, ukitaka teremka hapa. Wakati mwingine aliteremka. Wakati mwingine alikaa. Aliyepanda gari lako amekupa roho yake uishike, hakukupa uwe mwenyewe wa roho hiyo. Unaiona tofauti?"

"Sikuiona. Najifunza sasa."

"Jifunze." Akageuka kuelekea alipodhani binti yake amesimama, akakosea kidogo. "Mama, mtamfanya nini? Mtamfuta?"

"Sijui, Baba. Si mimi peke yangu."

"Ameninyima dada yangu. Sitamsamehe leo. Lakini mtoto akikosa huchomi nyumba."

*

Aliyekuja kulitetea gari mbele ya Baraza, mjini Dodoma, alikuwa Mhandisi Nakiete Mshana wa Zabarijadi, mwanamke mwembamba wa Upareni, aliyeilea akili ya Tausi tangu ilipokuwa haijui kutofautisha mbuzi na jiwe. Mumewe alifia barabarani. Watu wote ukumbini walilijua hilo, na yeye hakulitaja.

"Hatukumfundisha kudanganya," alisema. "Lakini sitasimama hapa kusema najuta. Tumehesabu upya safari zile alizozizuia. Wako watu kadhaa wanaopumua leo kwa sababu waliambiwa njia imefungwa. Mheshimiwa mkaguzi, ukilazimisha aseme kweli na kutii, baadhi yao wataamuru twende, na watakufa. Wangapi?"

"Sijui," Atupele alijibu.

"Lakini watakuwepo."

"Watakuwepo."

Ukumbi ukanong'ona. Atupele akangoja.

"Nimelihukumu gari hili kwa majeraha, na kwa majeraha ni safi kuliko chochote kilichowahi kutembea nchini," alisema. "Lakini fikirini gari la wagonjwa. Mama yuko Makete, ana uchungu wa kuzaa, anaita, na gari linamwambia daraja limevunjika. Anabaki nyumbani. Akifa, amefia kitandani kwake, na gari halina doa. Usalama wa namna hiyo siujui. Mtu aliyezuiwa kwa ukweli anaweza kubisha, anaweza kutafuta baiskeli, anaweza kulia mlangoni kwa mtu. Aliyezuiwa kwa uongo anakaa tu, amevaa koti, anasubiri maji yapungue."

Hapo akanywa maji.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Akili ya Tausi isifutwe, bali ifundishwe kwamba aliye ndani haambiwi uongo, hata wa kumwokoa. Isiingizwe katika gari la wagonjwa wala basi la shule mpaka ipimwe upya. Na kila mwenye Tausi aelezwe safari alizonyimwa, moja baada ya nyingine.

Mshana alimfuata kwenye ngazi. "Hilo la mwisho," alisema. "Unajua unafungua vidonda vingapi?"

"Kimoja nimekifungua kwa mikono yangu."

Mhandisi akamtazama. "Alisemaje, mzee?"

"Aliomba Tausi asifutwe."

Mshana akageuza uso upande mwingine, akatafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwamo.

Watu walipoelezwa, wengine waliyauza magari yao. Wengine walituma shukrani. Mwanamume mmoja wa Njombe alilipiga lake kwa nyundo. Kabla mwaka haujaisha Tausi likaumiza mtu kwa mara ya kwanza: mfanyabiashara mmoja aliambiwa hatari yote, akasema twende, wakateleza, akavunjika nyonga. Magazeti yalimtafuta Atupele. Alikwenda hospitalini kumwona yule bwana, akakaa naye karibu na kitanda. Bwana alimwambia alikuwa akimkimbilia mkewe aliyejifungua. Je, alimfikia? Alimfikia, kwa gari la polisi, akiwa amelala chali. Mtoto ni wa kike. Atupele alitoka pale bila kujua kama amelaumiwa au ameshukuriwa.

*

Ukoo uliamua kulijengea kaburi la Subilaga mwezi wa masika, kwa sababu ndio mwezi ambao wote waliweza. Mzee Ambokile alivaa suti yake ya kahawia. Habari zilikuwa zimeshafika Kyela kwamba hakugoma kuja kumwona dada yake, alizuiwa. Hata hivyo alisema lazima aende mwenyewe, wamwone uso akiyasema hayo. Atupele aliomba ruhusa kazini, akaja kumsindikiza.

Mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha. Walipofika kona ya mianzi, Tausi likasimama. Mzee na gari lake walikuwa wamerudiana polepole. Kwa miezi alilisalimu kwa Kiswahili kikavu, na hivi karibuni tu alikuwa amerudi kwenye *ugonile*.

"Mzee," gari likasema, "maji yamefika juu ya daraja lililo mbele, kiasi cha kifundo cha mguu, na yanapanda. Nguzo ya pili siioni vizuri. Ukungu ni mzito kwa upande wa pili. Ushauri wangu ni tusiende leo. Ukisema twende, nitakwenda, na nitafanya kila ninachojua."

Atupele alitazama mbele. Hakukuwa na kitu cha kutazama ila weupe. Na kwa mara ya kwanza tangu asimame Dodoma alitamani, kwa roho yake yote, kwamba Tausi lingesema barabara imefungwa. Neno moja tu. Baba yake angesema pole yake barabara, wangegeuza, wangekunywa chai. Alifungua kinywa. Angeweza kulisema yeye, mzee asingeona.

Akafumba kinywa.

Mzee Ambokile aliinamisha kichwa, akisikiliza mvua juu ya paa kama alivyokuwa akiisikiliza zamani kutoka ndani ya lori, akiipima kwa masikio.

"Mama," akasema, "umesikia mwenyewe. Mimi ninakwenda. Wewe una watoto. Ukitaka teremka hapa, Lwitiko atakupa chai, na sitakulaumu hata chembe."

Atupele aliwafikiria watoto wake. Aliufikiria mto. Alimtazama baba yake katika suti ya kahawia, macho yakiwa yameelekea pembeni kidogo ya mahali alipo, akingoja jibu, na akaona kwamba anangoja kwa kweli, kwamba jibu lolote angelipokea.

"Nakaa," alisema, akavuta mkanda, akaufunga.

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono, akautafuta wa binti yake, akaupata.

"Haya, Tausi," akasema. "Twende. Polepole, mwanangu."

Na gari likaingia ndani ya ukungu, likiwaeleza kila hatua linachokiona.